Eko (picha ya moyo) inasema moyo unasukuma vizuri, lakini baba anavimba tena na tena. Maji yanarudi vipi na dawa anameza?

#1 Mwanambee
Wakuu, habari za humu. Naomba kueleweshwa, na tafadhali tusifanye masihara sana maana ni mzazi.

Baba ana miaka 67, ana presha ya siku nyingi na sukari. Alianza kwa kuhema akipanda ngazi. Baadaye hata kuinama kufunga kamba za viatu ikawa kazi, anafunga kiatu kimoja, ananyanyuka avute pumzi, ndipo anaendelea na cha pili. Hospitali wakampiga eko. Ripoti inasema EF 58%. Chini yake daktari kaandika moyo kushindwa kufanya kazi. Nikauliza, mbona 58 si mbaya? Nikajibiwa "ndiyo hivyo, ameze dawa."

Kila akizidiwa wanamlaza, wanamchoma sindano ya kutoa maji, anakojoa usiku kucha, miguu inanywea, anarudi nyumbani anatembea mwenyewe. Zinapita wiki kadhaa, ukibonyeza juu ya kifundo cha mguu kidole kinaacha shimo, na unaweza kuhesabu taratibu hadi kumi kabla halijajaa. Vidonge nampa mimi kwa mkono wangu, hakosi.

Maswali ni mawili. Moyo unaosukuma 58% umeshindwa nini? Na maji yanarudi vipi wakati dawa anameza?

#2 Chokochoko
Natandika mkeka hapa nisubiri wataalamu. Ila mkuu, mimi shuleni sikuwahi kufika 58 na bado nilipanda darasa.

#3 Kisirani
Jibu ni rahisi, ripoti mbili zinapingana na moja ni ya uongo. Ama eko ilipigwa vibaya, ama huyo daktari alishaandika ugonjwa kabla ya kusoma kipimo. Moyo ukisukuma vizuri haujashindwa, basi. Tafuteni pengine, anzeni na figo.

#4 daktari_wa_zamu
#3, hapana. Hazipingani.

EF ni asilimia ya damu inayotoka kwenye chumba cha chini cha kushoto kila moyo unapopiga. Hakuna moyo unaotoa yote. Mzima hutoa kama 55 hadi 70%. Sasa fanya hesabu. Chumba kikijaa mililita 120 kikatoa 70, hiyo ni 58%. Chumba kilichokakamaa, tuseme kwa sababu ya presha ya miaka mingi, hakilegei vya kutosha kupokea damu. Kinajaa mililita 80, kinatoa 46. Piga hesabu: bado ni 58%. Asilimia ni ile ile, damu inayokwenda mwilini imepungua kwa theluthi. Na ile iliyokosa nafasi ya kuingia inajazana nyuma, kwenye mapafu, ndiyo maana mtu anahema.

Kwa hiyo kuna moyo ulioshindwa kusukuma (EF 40 kushuka chini), kuna wa katikati (41 hadi 49), na kuna ulioshindwa kupokea (50 kupanda juu). Kundi la mwisho si la wachache, ni karibu nusu ya wagonjwa wote wa moyo kushindwa. Mzee mwenye presha na sukari ndiye hasa mtu wa kundi hilo.

#5 Mwanambee
Asante sana daktari. Hesabu hii imenifungua macho kuliko maelezo yote niliyopewa kliniki. Nyie madaktari mngekuwa mnatueleza hivi hivi wodini.

Dawa zake: furosemidi ya kutoa maji asubuhi, losartani na amlodipini ya miligramu 10 za presha, metformini na nyingine ya sukari ambayo jina silikumbuki. Nikifika nyumbani nitaangalia boksi.

#6 Nesi Mstaafu
Mwanangu, nimekaa wodi za moyo muda mrefu. Mgonjwa anayetoka amenywea na kurudi amevimba, kwanza nauliza nani anapika. Chumvi haiko kwenye kopo la chumvi tu. Iko kwenye mkate, kwenye vile vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi, kwenye kila kilichosindikwa. Chumvi inashika maji, na furosemidi kazi yake ni kuitoa hiyo chumvi. Ukiirudisha kwa kijiko, mnafukuzana.

Halafu nunueni mizani. Apimwe asubuhi, akishakojoa, kabla ya kula, nguo nyepesi zile zile, mizani ikae sakafuni si kwenye zulia. Andikeni. Kilo moja iliyopanda kwa siku moja au mbili si mafuta, mafuta hayaji mbio hivyo. Hiyo ni lita moja ya maji. Zikipita kilo mbili ndani ya siku tatu mpigie daktari siku hiyo hiyo, msisubiri miguu. Miguu huchelewa kutoa habari.

#7 kidonge
Mfamasia hapa. Kabla hatujamhukumu mpishi, nina mambo matatu kwenye orodha ya #5.

Amlodipini, hasa hiyo ya 10, huvimbisha vifundo vya miguu yenyewe, hata kwa mtu mwenye moyo mzima kabisa. Inalegeza mishipa midogo, maji yanachuruzikia kwenye nyama. Uvimbe wa namna hiyo hausikii sana furosemidi. Nimeona wagonjwa wengi wanaongezewa dawa ya maji kutibu uvimbe ulioletwa na dawa ya presha.

Hiyo "nyingine ya sukari", kama ni pioglitazoni, ni tatizo. Inashika maji na haifai kwa moyo ulioshindwa. Kama ni empaglifozini au dapaglifozini, hiyo ni habari njema.

La tatu, je, anameza dawa za maumivu? Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao zinazuia figo kutoa chumvi na zinaivunja nguvu furosemidi. Watu hawazitaji kwa daktari kwa sababu wanazinunua wenyewe, kwao hizo "si dawa".

#8 Babu Mito Mitatu
Mimi ni mgonjwa mwenyewe, EF yangu ilikuwa 25, na jina langu humu linasema ninavyolala. Nilianza na mto mmoja, ikawa miwili, ikawa mitatu, mwisho nikalala kwenye kiti. Ukilala chali, maji ya miguuni yanarudi kifuani, unaamka saa nane usiku unatafuta dirisha.

Mwanambee, nikuulize jambo ambalo wazee hatulisemi. Una hakika anameza? Hiyo dawa ya maji inakupeleka chooni kila baada ya nusu saa. Ukiwa na safari au kikao, hukai. Wazee tunaiweka shavuni, wakiondoka tunaitema. Siku za safari mimi huimeza nikishafika niendako, daktari wangu aliniruhusu kusogeza saa. Lakini lazima uulize, na wengi wanaona aibu kuuliza habari za mkojo.

#9 Mwanambee
Babu, shikamoo. Nampa mimi na namwona akimeza na maji.

#10 Chokochoko
Mkono umetoa, mdomo umepokea. Tumbo limesaini?

#11 daktari_wa_zamu
Shikamoo ya babu aipokee mwenyewe, ila #10 umetania ukagonga penyewe. Mwili ukijaa maji hata kuta za utumbo huvimba. Kidonge kile kile kinachelewa kunyonywa, hakifikii kiwango cha kuamsha figo. Mwana anasema "dawa anameza", na ni kweli, ila haifiki kwa wakati. Sindano inapita moja kwa moja kwenye damu, kwa dakika chache mkojo umeanza. Akishanywea, kidonge kinafanya kazi tena. Ndiyo maana unapomwahi akiwa amepanda kilo mbili kidonge huweza kutosha, ukimwacha apande kilo sita anahitaji kitanda.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na kidonge wa #7. Uvimbe wa amlodipini peke yake usingemfanya aheme wala usingeondoka vizuri namna hiyo kwa sindano. Inaweza kuchangia, sikatai. Ila si yeye mwenye kesi.

#12 kidonge
Sikusema ndiyo peke yake. Nimesema iangaliwe. Miguu na mapafu vinaweza kuwa na sababu mbili tofauti kwa mtu mmoja.

#13 mzizi_halisi
Ndugu Mwanambee acha kuteseka na kemikali. Nina unga wa mizizi unasafisha moyo na kuyeyusha maji yote ndani ya siku 14, hauna madhara, ni asili tupu. Njoo PM.

#14 Chokochoko
Nilijua tu. Uzi wa ugonjwa haufiki ukurasa wa pili bila mtu wa PM.

#15 Nesi Mstaafu
Mwondoeni huyo. Nimewapokea wengi waliopewa "asili tupu", wameacha vidonge, wakaja wanatoa povu la rangi ya waridi mdomoni.

#16 Kisirani
Msiwe wepesi kutukana mimea. Dawa ya moyo ya zamani kuliko zote mnazozitaja ilitoka kwenye mmea.

#17 kidonge
Kweli. Ni digoksini. William Withering, daktari wa Uingereza, aliandika mwaka 1785 namna alivyotumia majani ya mmea wa digitalisi kwa watu waliojaa maji. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kutafuta kipimo, kwa sababu kati ya jani linalosaidia na jani linaloua hapakuwa na umbali. Hadi leo digoksini tunaihesabu kwa mikrogramu na mwenye figo mbovu tunampunguzia. Sasa mwambie huyo wa #13 akutajie unga wake una mikrogramu ngapi za nini.

#18 mzizi_halisi
Wivu wa biashara.

#19 mamapacha
Niongeze yangu kwa ajili ya kina dada wanaosoma kimya kimya.

Nilijifungua mapacha. Wiki ya tatu nikawa siwezi kulala chali, nakohoa usiku, nikiwabeba wote wawili kutoka kitandani hadi bafuni naona giza. Kila mtu aliniambia ni uchovu wa uzazi. Kituo nilichokwenda walinipa dawa ya kikohozi, nikarudi wakanipa antibayotiki. Aliyeniokoa ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Alikuja kupima watoto, akaniangalia mimi shingoni, akaona mshipa umesimama nikiwa nimekaa. Akauliza, "Mama, usiku unalala au unakaa?" Nikalia. Eko ilisema EF 28.

Inaitwa udhaifu wa msuli wa moyo wa uzazi. Huja mwishoni mwa mimba au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Leo EF yangu ni 52. Swali langu kwa daktari, kama nimepona, niache dawa? Wifi yangu ananiambia natia sumu mwilini bure.

#20 daktari_wa_zamu
Dada, hongera na pole. Usiache mwenyewe.

Kuna utafiti mdogo uliochapishwa 2018, uliwachukua watu ambao moyo wao ulitanuka kisha ukarudi karibu na kawaida, wote wakijisikia wazima. Baadhi wakapunguziwa dawa mpaka wakaacha. Ndani ya miezi 6, karibu 4 kati ya 10 ya walioacha ugonjwa ukarudi. Moyo mzuri chini ya dawa si lazima uwe umepona. Ugonjwa wa uzazi wakati mwingine una matumaini zaidi, kuna wanaoachishwa taratibu na eko za mara kwa mara. Uamuzi huo ni wa daktari wako, na mimba nyingine mzungumze kabla, si baada. Baadhi ya dawa hizi, kama enalaprili na losartani, haziruhusiwi ukiwa mjamzito.

#21 Fundi Saa
Swali la pembeni. Kaka yangu ana moyo mkubwa, wamempa bisoprololi. Nikasoma kijikaratasi kinasema inapunguza mapigo na nguvu za moyo. Moyo umechoka, nao wanaupunguzia nguvu? Hii imekaaje?

#22 Babu Mito Mitatu
Nami niliuliza hivyo hivyo nikajibiwa hivi. Punda aliyeelemewa ukimchapa bakora atakimbia hatua chache kisha aanguke. Moyo ukizidiwa mwili unautandika kwa adrenalini mchana na usiku. Bisoprololi inamnyang'anya mwenye bakora fimbo. Wiki za mwanzo nilijiona mzito nikataka kuitupa. Wakaanza na kipande kidogo, wakapandisha kila baada ya wiki mbili. EF yangu kutoka 25 iko 38.

#23 daktari_wa_zamu
Umesema vizuri babu. Miaka ya nyuma dawa za jamii hiyo zilikatazwa kabisa kwa wagonjwa hawa. Wasweden walianza kuzijaribu miaka ya 1970 wakaonekana wamechanganyikiwa, na ilichukua zaidi ya miaka 20 dunia kukubali.

Ila angalizo, Mwanambee, hayo ni ya EF ya chini. Kwa EF ya chini tuna nguzo nne: ya jamii ya enalaprili au mrithi wake, bisoprololi au karvediloli, spironolaktoni (dawa ya maji inayobakiza potasiamu), na hizi za glifozini (empaglifozini na dapaglifozini). Spironolaktoni ilionyesha mwaka 1999 kupunguza vifo kwa asilimia 30 kwa wagonjwa mahututi wa aina hiyo. Kwa EF ya baba yako, nyingi kati ya hizo hazikuonyesha faida ya wazi. Zilizofanikiwa vizuri ni glifozini: empaglifozini mwaka 2021, dapaglifozini 2022, hasa kwa kupunguza kulazwa. Zilianza kama dawa za sukari. Zinatoa glukosi kwa njia ya mkojo, na maji kidogo yanaondoka nayo. Kwa nini zinausaidia moyo kiasi hicho, nadharia ni nyingi na wataalamu wenyewe bado wanabishana.

#24 Kisirani
Turudi kwenye chumvi, maana nesi amempa mpishi hukumu kabla ya ushahidi. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa nchi sita, wagonjwa zaidi ya 800. Nusu wakabaniwa chumvi sana, nusu wakala kawaida kwa ushauri wa jumla. Kulazwa na vifo havikutofautiana kwa maana yoyote. Nyie mnawalisha wazee chakula kisicho na ladha kwa mazoea tu.

#25 Nesi Mstaafu
Huo utafiti naujua, usiusome nusu. Waliobanwa walijisikia nafuu zaidi, na hata hao wengine hawakuwa walaji wakubwa wa chumvi. Kati ya mtu anayekula kiasi na anayekula kiasi kidogo zaidi tofauti haikuonekana. Hakuna aliyepima mzee anayemwaga chumvi mezani kabla ya kuonja. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku hata kwa mtu mzima, ni kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa.

#26 Kisirani
Kwa hiyo unakubali haukupunguza vifo.

#27 Nesi Mstaafu
Nakubali wewe hujawahi kumgeuza mgonjwa aliyevimba mpaka mapajani.

#28 kidonge
Naomba nitie neno moja kabla hamjashikana. Anayepunguza chumvi asikimbilie ile "chumvi ya afya" bila kuuliza. Nyingi ni potasiamu. Baba anatumia losartani, akiongezewa spironolaktoni halafu na potasiamu mezani, potasiamu ya damu inapanda na moyo unaweza kusimama. Mtu anajitahidi kufuata masharti, kumbe anajimaliza.

#29 Fundi Saa
Mimi nina nadharia nyingine, na ni kwa sababu nimeiona kwa mjomba. Alivimba miguu na tumbo, eko ikasema moyo unasukuma safi. Akahangaika na ini, akahangaika na figo. Mwisho ikaonekana mfuko unaozunguka moyo umekuwa mgumu kama ganda. Alikuwa na TB zamani. Moyo mzima lakini umebanwa, haupanuki. Wakamfanyia upasuaji wa kuuondoa ule mfuko na leo analima. Mwanambee, baba aliwahi kuugua TB?

#30 Chokochoko
Tumeshafika kwenye mpishi, utumbo, dawa ya presha, dawa ya sukari, dawa ya maumivu, na sasa ganda. Mwenye nadharia ya saba apange foleni.

#31 daktari_wa_zamu
Foleni nakaa mimi. #29 ametaja jambo la maana, ni nadra lakini lina tiba, na eko ya haraka inaweza kulikosa. Dokezo lake mara nyingi ni tumbo kujaa kuliko miguu, na mshipa wa shingo kusimama sana.

Nadharia ya saba, protini iitwayo amiloidi kujijaza kwenye msuli wa moyo. Ukuta unanenepa, unakakamaa, EF inabaki nzuri kwa muda mrefu. Kwa wazee hasa wanaume ipo zaidi ya tulivyodhani. Mwangalie baba mikono. Ganzi ya vidole vya mikono yote miwili, au kuwahi kufanyiwa upasuaji wa mshipa wa fahamu kwenye viganja, huweza kutangulia miaka kadhaa kabla ya moyo.

Na kingine ambacho hakihitaji mashine, mshike mkono usikilize mapigo kwa dakika nzima. Yakienda ovyo bila mpangilio, vyumba vya juu vya moyo vimeacha kupiga sawasawa vinatetemeka tu. Moyo mkakamavu unategemea sana ule msukumo wa vyumba vya juu kujaza damu. Ukiupoteza, mtu anazidiwa ghafla. Na kuna hatari ya kiharusi.

#32 Babu Mito Mitatu
Wakati vijana mnapanga foleni, mzee mwenzenu aulize la watu wazima. Nyumbani mambo yale yanaruhusiwa?

#33 Chokochoko
Babu!!! Mito mitatu yote hiyo kumbe una mpango nayo.

#34 daktari_wa_zamu
Swali halali kabisa na wanaume wengi wanalimeza. Ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama na bila maumivu ya kifua, kwa kawaida unaweza. Usipoweza, subiri dawa zikae sawa. Vile vidonge vya kuongeza nguvu, marufuku kama una dawa ya jamii ya nitrati, ile ya kuweka chini ya ulimi. Vikikutana presha inaporomoka.

#35 Babu Mito Mitatu
Ghorofa moja na nusu. Naendelea na mazoezi.

#36 Fundi Saa
Ikishindikana si wanabadilisha tu moyo? Wamarekani walianza zamani.

#37 Kisirani
Si Wamarekani. Wa kwanza kupandikizwa moyo wa binadamu mwingine ilikuwa Cape Town, Desemba 1967, mikononi mwa Christiaan Barnard. Mgonjwa aliishi siku 18, akafa kwa nimonia. Na kwa mzee wa 67 mwenye sukari na EF ya 58 hilo halipo mezani, msimpe mtu matumaini ya gazeti.

#38 Mwanambee
Wakuu, nimerudi na majibu. Nimekaa na baba jioni nzima nikapekua hadi mfuko wa koti.

Dawa ya sukari ni glimepiridi, si ile mbaya wala si ile nzuri.

TB hakuwahi. Tumbo si kubwa.

Mikono, anasema vidole vitatu vya kulia hufa ganzi usiku, anaamka anakung'uta. Kushoto hakuna.

Mapigo nimeyashika mimi na mke wangu kwa zamu. Mimi naona yanaruka, yeye anaona yako sawa. Mashine ya presha kuna mara inaandika alama ya moyo inayomweka, mara haiandiki.

Diklofenaki hanywi. Lakini ana goti, na kwa ajili ya goti anatumia parasetamoli ya kuyeyusha, ile inayochemka kwenye glasi. Sita kwa siku. Anasema daktari alimwambia parasetamoli ni salama kwa moyo.

Chumvi ya mezani mama ameondoa tangu alipolazwa mara ya kwanza, nesi, nimemwuliza mbele yake akaniapia.

#39 kidonge
Parasetamoli ni salama kuliko zile nyingine. Ila hiyo ya kuchemka! Kinachochemka ni sodiamu baikaboneti. Kidonge kimoja cha miligramu 500 mara nyingi kina karibu miligramu 400 za sodiamu, soma boksi kwa sababu hutofautiana. Mara sita ni gramu 2.4 za sodiamu, sawa na gramu 6 za chumvi. Mama kaondoa kopo mezani, limerudi kwenye glasi. Kwanza kabisa abadilishe, ameze kidonge cha kawaida.

#40 Nesi Mstaafu
Nilisema chumvi.

#41 Kisirani
Ulisema mpishi. Mpishi ameachiwa huru. Na hiyo glasi, je, alikuwa anaitumia kabla ya kulazwa mara ya kwanza au goti limeanza juzi? Kama limeanza juzi, haielezi mwanzo.

#42 Mwanambee
Goti ni la miaka miwili, ila hizo za kuchemka sikumbuki lini. Yeye hakumbuki. Mama anasema "zamani."

#43 Fundi Saa
Mapigo yanayoruka mimi ndiyo yananitisha. Mashine ya nyumbani haiweki alama bure.

#44 daktari_wa_zamu
Huweka bure mara nyingi tu, mtu akitikisa mkono. Lakini msiipuuze. Kinachohitajika ni ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na kama ni ya kuja na kuondoka, mashine ya kuvaa siku nzima au zaidi. Ganzi ya mkono mmoja kwa mwenye sukari inaweza kuwa ya sukari. Sijaifuta amiloidi, sijaithibitisha. Glasi ni mtuhumiwa mzuri. Amlodipini aliyoitaja mfamasia wa #7 bado iko kwenye orodha. Vinaweza kuwa vyote kidogo kidogo.

Mwanambee, kliniki nenda na mfuko wenye maboksi yote, na ya goti yakiwemo, na daftari la uzito. Omba ECG, figo, potasiamu, wingi wa damu na protini kwenye mkojo. Uliza kama glifozini inamfaa badala ya au pamoja na glimepiridi, na kama amlodipini inaweza kupunguzwa. Usipunguze wewe. Akihema akiwa amekaa, akitoa povu, akizimia au kifua kikimbana, usisubiri tarehe ya kliniki wala usije kuuliza humu.

#45 Mwanambee
Nimeyanakili yote. Leo asubuhi mizani imesoma 81.4, tumeanza daftari. Za kuchemka nimezificha, amenuna.

#46 Babu Mito Mitatu
Atanuna na mizani pia. Mpe kalamu aandike mwenyewe.

#47 Kisirani
Na kunywa maji je? Hakuna aliyegusa. Kila mgonjwa anaambiwa lita moja na nusu kana kwamba ni sheria.

#48 Nesi Mstaafu
Usianze.

#49 Upepo Mwanana
Samahani kwa kuingilia, nimeusoma uzi wote. Mama yangu ana EF 35, tangu aanze enalaprili anakohoa kikavu mchana na usiku. Nitajuaje ni dawa au ni maji yanarudi kwenye mapafu?

#50 daktari_wa_zamu
Uzito umepanda? Akilala kinazidi au kiko vile vile amekaa au amelala? Fungua uzi wako, weka dawa zote na za maumivu pia. Za kuchemka usizisahau.